Wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja: tujenge vitanda vingapi?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya hospitali ya mji wetu. Hospitali ina vitanda 60 na ilijengwa mji ukiwa bado mdogo. Sasa watu wanaongezeka kwa asilimia 5 hivi kila mwaka, na wodini wagonjwa wanalala wawili wawili. Mwaka jana tulilaza wagonjwa 4,800. Kamati inataka jengo jipya la vitanda 100 kwenye kiwanja cha jirani, na tayari tumeletewa ramani. Je, vitanda 100 ni sawa? Tuangalie nini kabla ya kumwita mkandarasi? Na jengo la zamani tulibomoe au tuliache?

Jibu: Ramani hiyo msiitie sahihi kwanza. Si kwamba ni mbaya, maana sijaiona. Ila barua yako haionyeshi namba 100 imetoka wapi, na mara nyingi namba ya mviringo kama hiyo hutokana na ukubwa wa kiwanja, si na wagonjwa. Idadi ya vitanda hupatikana kwa kuhesabu, na hesabu yenyewe mnaweza kuifanya wenyewe kwa daftari la wodi na kikokotoo cha simu.

Namba mnazohitaji ni tatu: wangapi wanalazwa kwa mwaka, kila mmoja anakaa siku ngapi kwa wastani, na mnataka kubakiza nafasi kiasi gani kwa ajili ya siku ngumu. Ya kwanza mnayo. Ya pili hukuiandika, na ndiyo yenye siri yote.

Muda wa kulazwa msiukisie. Njia ya kuaminika ni hesabu ya usiku wa manane: muuguzi wa zamu ya usiku anaandika wagonjwa walio wodini saa 6 usiku, kila siku, kila wodi. Jumlisheni hesabu za mwaka mzima, kisha gawanyeni kwa idadi ya waliolazwa. Makosa yanayoharibu hesabu hii ni yale yale kila mahali. Mgonjwa anayehamishwa kutoka wodi moja kwenda nyingine huandikwa kama amelazwa mara mbili. Mtoto mchanga mwenye afya aliyelala na mama yake huhesabiwa kama mgonjwa wa pili. Wanaofariki au kupewa rufaa husahaulika kufutwa, wakaonekana bado wapo. Na wale wawili wa kitanda kimoja huandikwa kama kitanda kimoja kilichojaa, kwa hiyo msongamano wenyewe hauonekani kwenye karatasi. Hesabuni watu, msihesabu magodoro.

Tuchukue mfano kwamba mmekuta wastani ni siku 5.5. Wagonjwa 4,800 mara 5.5 ni siku za kitanda 26,400. Gawanya kwa 365: kila usiku mna wagonjwa 72 kwa wastani, nanyi mna vitanda 60. Hapo ndipo wanapotoka wale wawili wawili.

Sasa msijenge vitanda 72. Huo ni wastani, na wastani maana yake kuna siku nyingi zinazoupita. Wapangaji wengi wa hospitali hulenga vitanda vijazwe kwa asilimia 85 hivi. Kigezo hicho kilipata nguvu baada ya utafiti wa kihesabu uliochapishwa Uingereza mwaka 1999, ulioonyesha kwamba ujazo wa wastani ukizidi asilimia 85 hatari ya kumkosesha mgonjwa wa dharura kitanda huanza kuonekana, na ukifika 90 mambo hukwama mara kwa mara. Kwa hiyo 72.3 gawanya kwa 0.85: mnahitaji vitanda 85. Upungufu wenu wa leo ni vitanda 25, si 100.

Kabla ya kuanza kutafuta fedha za hivyo 25, nawaomba mfanye zoezi moja la wiki mbili. Ni zoezi la karatasi tu, na sijui jingine linaloifundisha kamati mengi kiasi hiki kwa gharama ndogo namna hii. Fungeni karatasi kwenye kila kitanda. Daktari akimruhusu mgonjwa, saa iandikwe. Iandikwe pia saa dawa za kwenda nazo zilipofika, saa malipo au karatasi za bima zilipokamilika, saa mgonjwa alipotoka, saa kitanda kilipooshwa na kutandikwa, na saa mgonjwa mwingine alipolala. Mtashangaa. Mgonjwa anaruhusiwa saa 4 asubuhi, faili linakaa mezani hadi daktari amalize kuzungukia wodi nzima ndipo muhtasari uandikwe, dawa zinasubiri foleni moja na wagonjwa wa nje, mhasibu anakwenda kula, na mtu anaondoka saa 10 jioni. Kitanda kinaoshwa na zamu inayofuata. Tuseme kila kitanda kinapotea saa 7 kwa namna hiyo. Nyie mnaruhusu wagonjwa 13 kwa siku. 13 mara 7 ni saa 91, karibu vitanda 4 vizima vinavyolala bure kila siku huku wagonjwa wamebanana.

Hizo ni saa. Siku zenyewe hupotelea kwingine. Maabara ikifungwa saa 10 jioni, kipimo cha leo kinajibiwa kesho na uamuzi unafanyika keshokutwa. Daktari asipopita wodini Jumamosi na Jumapili, aliyepona Ijumaa jioni analala siku 3 za ziada. Mgonjwa wa upasuaji uliopangwa hulazwa siku 2 kabla ili "ashike nafasi", kisha upasuaji unaahirishwa kwa sababu vifaa havijatakaswa. Mwenye kidonda, au mguu uliovunjika unaovutwa kwa uzito, anakaa wiki nyingi akisubiri kifaa kimoja. Ukipanga majalada ya wagonjwa waliokaa zaidi ya siku 14, sababu hizi zitajitokeza zenyewe, na nyingi dawa yake ni ratiba na watumishi wachache zaidi, wala haihitaji tofali hata moja.

Mkishusha wastani kutoka siku 5.5 hadi 4.5, angalia kinachotokea: 4,800 mara 4.5 ni 21,600, gawanya kwa 365 ni 59, gawanya kwa 0.85 ni vitanda 70. Upungufu wa 25 umebaki 10. Natahadharisha hapa: muda hupunguzwa kwa kuondoa kusubiri, si kwa kumtoa mtu kabla hajapona. Pimeni na wanaorudi kulazwa ndani ya siku 30. Wakiongezeka, mmekata pasipostahili.

Sasa ukuaji wa mji. Asilimia 5 kwa mwaka inasikika ndogo, lakini iko kanuni ya haraka ya kukadiria, gawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji, yaani 5: mji utakuwa umeongezeka maradufu baada ya miaka 14. Vitanda 70 vya leo ni 89 baada ya miaka 5, na 114 baada ya miaka 10. Msipogusa muda wa kulazwa, ile 85 inakuwa 139. Mkijenga 100 leo mtakuwa na 160, kupita hata mahitaji ya miaka 10 ijayo kwa hesabu ile mbaya zaidi. Kwa namba hizi za mfano ningejenga kwa awamu: sasa vitanda 30, jumla 90, vinavyotosha miaka 5 hivi, halafu 30 vingine vifuate takwimu zikidai. Ila miundombinu ya chini, yaani mabomba, nyaya za umeme, maji taka na mtambo wa oksijeni, ipimwe tangu mwanzo kwa vitanda 60 vipya. Kuongeza wodi juu ya msingi ulioandaliwa ni kazi ya miezi michache. Kufukua upya bomba la maji taka katikati ya hospitali inayofanya kazi ni mateso kwa kila mtu.

Kuna anayesema: ziada haidhuru, vitajaa tu. Ni kweli vitajaa, na hilo ndilo tatizo. Mtafiti wa Marekani Milton Roemer alionyesha jambo hili miaka ya 1959 hadi 1961: penye kitanda tupu na mtu wa kukilipia, hupatikana mgonjwa wa kukilalia, hata yule ambaye angetibiwa akarudi nyumbani. Kitanda kilichojazwa hivyo kinakula chakula, shuka, dawa na muuguzi, vyote vikinyang'anywa mgonjwa aliye mahututi chumba cha pili.

Jumla ya hospitali nzima inaweza pia kuwadanganya. Kitanda cha wodi ya wazazi hakiwezi kumlaza mwanamume mwenye nimonia, kwa hiyo kila kundi lihesabiwe peke yake. Na kundi likiwa dogo, asilimia 85 haifai. Wagonjwa wa dharura huja bila miadi, na idadi yao hupanda na kushuka kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha wastani wao, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa wastani huo. Wodi yenye wastani wa wagonjwa 100 hupanda na kushuka kwa 10 hivi. Ukiweka akiba ya mara mbili ya hapo, vitanda 120 vinatosha karibu siku zote. Wodi yenye wastani wa 9 hupanda na kushuka kwa 3. Akiba ileile inataka vitanda 15. Ya kwanza inahitaji ziada ya asilimia 20, ya pili asilimia 67.

Wodi ya wazazi ndiyo inayoumia zaidi kwa kosa hili. Tuseme mna akina mama 1,500 wanaojifungua kwa mwaka, asilimia 12 kwa upasuaji. Waliopasuliwa ni 180, kila mmoja siku 3: siku za kitanda 540. Waliojifungua kawaida ni 1,320, na Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto wakae angalau saa 24 chini ya uangalizi: siku 1,320. Jumla 1,860, sawa na vitanda 5 kwa siku. Atakayejenga vitanda 6 kwa hesabu hiyo atakuwa na akina mama sakafuni kila wiki. Kipeuo cha pili cha 5.1 ni 2.3 hivi, mara mbili ni 4.5; mnahitaji vitanda 10. Vivyo hivyo chumba cha kujifungulia: wazazi 4 kwa siku, kila mmoja akitumia kitanda saa 8, ni wastani wa kitanda kimoja na theluthi, lakini usiku mmoja watakuja watatu au wanne kwa mpigo. Wekeni vitanda 4. Chumba cha watoto njiti kiwe mlango wa pili kutoka hapo, si jengo jingine, kwa sababu mtoto mwenye kilo moja na nusu hupoteza joto katika mwendo mfupi wa nje.

Nije kwenye jambo linaloua miradi mingi kuliko fedha: watu. Mwaka 2020 jijini Wuhan, China, hospitali ya Huoshenshan yenye vitanda 1,000 ilisimama kwa siku 10 hivi. Dunia nzima ilitazama kuta. Lakini kilichoifanya iwe hospitali ni wahudumu wa afya 1,400 wa jeshi waliopelekwa pale. Mwaka huohuo London ilifunguliwa hospitali ya muda ndani ya ukumbi wa maonyesho, iliyopangiwa kufika vitanda 4,000. Katika wimbi la kwanza ilihudumia wagonjwa 54. Hospitali nyingine za jiji zilijibana zikapanua vyumba vyao vya mahututi, na wauguzi wa kuhudumia vitanda vile vya ziada walikuwa haohao wanaohitajika kule.

Chukueni wodi yenu mpya ya vitanda 30. Asubuhi wauguzi 4, jioni 3, usiku 3: zamu 10 kwa siku, zamu 3,650 kwa mwaka. Muuguzi mmoja anafanya kazi siku 5 kwa wiki, siku 260 kwa mwaka. Toa likizo 28, sikukuu 10, ugonjwa na mafunzo 7, zinabaki 215. Gawanya 3,650 kwa 215: wauguzi 17. Kamati nyingi huandika 10, kwa sababu zimeona zamu 10. Pengo la watu 7 halionekani siku ya ufunguzi. Huonekana mwezi wa nne, likizo zinapoanza, usiku mmoja muuguzi anabaki peke yake na wagonjwa 30, na dripu ya mtu inakauka bila kuonwa. Kwa hesabu hiyohiyo, nafasi yoyote inayotakiwa iwe na mtu saa 24, iwe ya fundi maabara au mlinzi wa lango la dharura, inahitaji watu 5 hivi. Mtoa dawa ya usingizi mkimkosa, chumba kipya cha upasuaji ni stoo yenye taa nzuri. Kumsomesha kunachukua miaka, kwa hiyo barua za ajira na za masomo zitoke siku msingi unapochimbwa, si siku rangi inapopakwa.

Baada ya watu ni oksijeni. Mtu mzima mwenye nimonia kali hutumia lita 5 kwa dakika au zaidi, na wa mahututi hufika 10 hadi 15. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoa lita 5 kwa dakika unaisha ndani ya saa 23. Kati ya wagonjwa 90, tuseme 9 wako kwenye oksijeni: lita 45 kwa dakika, lita 64,800 kwa siku, mitungi 9 na nusu kila siku. Kuna wa kuisukuma mitungi hiyo usiku? Ndiyo maana hospitali ya ukubwa huu hufikiria mtambo wake wa kuchuja oksijeni kutoka hewani. Mtambo huo hutoa hewa yenye oksijeni asilimia 93 hivi, inayotosha kwa tiba, lakini unadai umeme tulivu na chujio zinazobadilishwa kwa wakati. Unyevunyevu na mafuta kutoka kwenye kompresa vikipenya, madini ya kuchujia huharibika na usafi wa oksijeni hushuka polepole bila mtu kujua. Kipima usafi kiwe cha kudumu kwenye mtambo, na namba yake isomwe na kuandikwa kila zamu. Mabomba ni ya shaba iliyosafishwa mafuta kabisa. Mafuta yakikutana na oksijeni ya shinikizo yanaweza kuwaka, kwa hiyo fundi bomba wa kawaida asiguse kazi hiyo. Na hata mtambo ukiwa mpya, akiba ya mitungi iunganishwe kwenye mfumo ili ipokee yenyewe mtambo unapozima.

Maji yana hesabu rahisi na hupuuzwa kwa sababu hiyo. Viwango vya Shirika la Afya Duniani ni lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, lita 5 kwa mgonjwa wa nje, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Vitanda 90 mara 60 ni lita 5,400. Wagonjwa wa nje 300 ni 1,500. Upasuaji na uzazi 10 ni 1,000. Jumla lita 7,900 kwa siku, na ndugu wa wagonjwa wakitumia bomba lilelile itapanda. Ningeweka akiba ya siku 2 kamili, katika matanki mawili yenye valvu tofauti, ili moja lioshwe lingine likifanya kazi. Tanki lipandishwe juu: kila mita 10 za mwinuko hutoa shinikizo la ba moja tu, na tanki lililokaa juu ya paa la ghorofa ya chini haliwezi kusukuma maji ya kutosha ghorofa ya juu. Mabomba yaliyozibwa mwisho na kuachwa "kwa ajili ya awamu ya pili" yasijazwe maji, kwa maana maji yaliyotuama humo hufuga bakteria wa Legionella. Wekeni valvu pale tawi linapoanzia, si mwishoni mwake.

Umeme: gaweni nyaya za jengo jipya katika makundi mawili tangu kwenye ramani. Kundi la lazima ni chumba cha upasuaji, chumba cha kujifungulia, watoto njiti, mahututi, mtambo wa oksijeni, pampu ya maji, friji za damu na za chanjo, pamoja na taa za njia. Lingine ni vyote vilivyobaki. Jenereta ibebe kundi la lazima, na betri zizibe zile sekunde kabla haijawaka. Makosa mawili hurudiwa. La kwanza ni jenereta kubwa kupita kiasi, kwa kudhani kubwa ndiyo salama. Ya dizeli ikifanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, mafuta hayaungui yote na injini hujaa masizi. La pili ni kuijaribu bila mzigo kila Jumatatu, ikanguruma vizuri, kisha ikazimika siku ya kweli. Ijaribuni kwa kukata umeme wa gridi, mkiwa mmewaarifu watu wa upasuaji.

Utakasaji wa vifaa nautaja kwa sababu hukwamisha upasuaji wakati kila mtu analaumu madaktari. Otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke, ya nyuzi 134 inahitaji dakika 3 za kutakasa kwenye joto hilo, lakini ukijumlisha kupasha, kukausha, na kabla yake kuosha na kufunga vifurushi, kisha kupoza, seti moja inazunguka kwa saa 3 hadi 4. Mkiongeza chumba cha upasuaji bila kuongeza seti na otoklevu ya pili, chumba hicho kitafanya kazi nusu siku. Vifaa vichafu na safi visipishane mlango mmoja. Dobi nalo ni hivyohivyo: kila kitanda kiwe na seti angalau 3 za shuka, moja kitandani, moja inafuliwa, moja kabatini.

Kwenye ramani mliyoletewa, chukueni rula. Kati ya ukingo wa kitanda na kitanda kuwe na angalau mita 1. Chini ya hapo mnaujenga msongamano kwa zege. Hewa ya wodi inayotegemea madirisha ilenge lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na chumba cha mwenye ugonjwa wa hewani kama kifua kikuu lita 160, kwa hiyo madirisha yatazamane pande mbili na yasizibwe na korido. Mlango wa kupitisha kitanda uwe na upana wa mita 1.2 uliobaki wazi, maana fremu hula nafasi. Vyoo: kimoja kwa watumiaji 20 ndicho kiwango cha chini. Korido ya kupishana vitanda viwili iwe na mita 2.4.

Mahali jengo jipya linapokutana na la zamani, pimeni kimo cha sakafu kwa chombo, msikiamini kile kilichochorwa. Tofauti ya sentimita 15 tu inadai mteremko wa mita 1.8, kwa uwiano wa 1 kwa 12. Mkisahau, fundi ataweka ngazi moja "ya muda", na wauguzi wawili wataibeba machela yenye mgonjwa wa kutoka upasuaji, dripu na mtungi wa oksijeni, mara 10 kwa siku, mvua na jua.

Wakati wa ujenzi adui ni vumbi. Kuvunja kuta na dari za zamani huachia mbegu za kuvu aina ya Aspergillus, ambazo kwa mtu mwenye afya hupita, lakini kwa mwenye kinga iliyoshuka huleta nimonia inayoua. Eneo la kazi lifungwe kwa ukuta wa muda kutoka sakafu hadi kwenye paa lenyewe, si hadi kwenye dari, feni ivute hewa kutoka ndani kwenda nje, na mkandarasi apewe njia yake isiyopita wodini. Kabla ya kuchimba, mtumishi wa muda mrefu anayejua mabomba yanapopita atembee na mkandarasi na kuweka alama, na mita ya mwisho kabla ya kufikia bomba au waya ichimbwe kwa mkono. Haya yote yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na jina la cheo cha mtu wa hospitali mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Bila hilo, muuguzi mfawidhi atalalamika na hakuna atakayemsikiliza.

Jengo la zamani msilibomoe. Muda wa ujenzi mnalihitaji, na baada ya hapo lina kazi. Wodi za zamani zenye korido nyembamba hazifai tena kwa mahututi, lakini zinafaa sana kwa kliniki za presha na kisukari, chanjo, mazoezi ya viungo, na upasuaji mdogo wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Yaani huduma zinazozuia watu kulazwa. Hapo ndipo ile siku 4.5 inapolindwa. Kabla ya kuamua, mhandisi apime paa na nguzo, na kama jengo ni la zamani, aangalie kama kuna asbesto kwenye dari au paa. Ikiwapo na haijavunjika, mara nyingi ni salama zaidi kuiacha bila kuigusa kuliko kuivunja kiholela.

Jengo jipya likikamilika, msilijaze siku moja. Wiki 2 kabla, muuguzi na mhudumu wasukume machela tupu usiku kutoka mapokezi ya dharura hadi upasuaji, kisha hadi wodini, na waandike kila mlango unaogoma, kila swichi isiyofikiwa, kila kona inayolazimisha kurudi nyuma. Zimeni umeme. Fungeni maji kwa saa moja. Kisha fungueni vitanda 10, mkae wiki 2, ndipo 10 vingine, kadiri wauguzi wanavyoripoti kazini. Zile karatasi za saa ziwe zimefungwa kwenye vitanda tangu siku ya kwanza, na hesabu ya usiku wa manane iwe ajenda ya kwanza katika kila kikao chenu. Awamu ya pili iombewe fedha pale ujazo utakapokaa juu ya asilimia 80 kwa miezi 6 mfululizo huku muda wa kulazwa haujapanda, kwa sababu kutoka ombi hadi kitanda cha kwanza mtahitaji miaka 2 au zaidi.